Visu vitatu vya mwiba, sura moja: utavitofautishaje?

SWALI: Salamu, mtaalamu. Nina visu vitatu vya kukunja vya aina ile ya mabaharia na wanajeshi: bapa moja la kukatia, kifungulia makopo, mwiba wa kufumbulia kamba mgongoni na kikuku cha kufungia kamba. Kimoja kilikuwa cha marehemu babu, askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) aliyefika hadi Burma. Viwili nimenunua kwa watu tofauti. Cha babu na cha pili vina mpini mweusi wenye mirabaraba, ila cha babu ni kikubwa zaidi. Cha tatu ni chuma kitupu kinachong'aa. Kwenye cha pili naona mshale katikati ya herufi mbili za D, na cha tatu kina mstari wa tarakimu unaoanza na 7340-99. Mmoja wa wauzaji ameniapia kwamba vyote ni "modeli ya 1905", vya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kweli? Na nikikutana na kingine, nianzie wapi kukitambua?

JIBU: Salamu zimefika, ndugu. Muuzaji amekosea viwili kati ya vitatu. Cha tatu hakiwezi kuwa cha Vita vya Kwanza kwa namna yoyote, maana mfumo wa tarakimu ulizoziona ulikuwa bado haujazaliwa. Cha pili ni mali ya jeshi la Australia, na dalili zote zinaelekea Vita vya Pili. Cha babu ndicho chenye nafasi ya kuwa cha mtindo wa 1905, lakini nafasi hiyo bado inahitaji kuthibitishwa, na nitakueleza namna.

Kwanza huo mwaka 1905, kwa sababu ndio unaowapotosha wengi. Jeshi la Uingereza halikuwa na kiwanda kimoja cha visu. Liliidhinisha sampuli, likaitia muhuri na kuiweka ghalani, kisha likatangaza zabuni. Kila kiwanda kilichoshinda kilitengeneza visu vinavyofanana na sampuli ile. Kisu kikubwa chenye mwiba na kifungulia makopo kilikuwa na sampuli iliyoandikwa 6353/1905, yaani sampuli namba 6353 ya mwaka 1905. Huo ni mwaka wa kuidhinishwa kwa umbo. Kisu kilichofuata sampuli hiyo kinaweza kuwa kimetengenezwa miaka kumi baadaye na zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "modeli ya 1905" amekutajia umbo, hajakutajia umri.

Kutokana na utaratibu huohuo, jina lililochapwa kwenye bapa si jina la modeli. Kisu cha Joseph Rodgers na kisu cha George Wostenholm, viwanda viwili vya mji wa Sheffield, Uingereza, vya zabuni moja vinaweza kufanana kama mapacha, na visu viwili vya Rodgers vya zabuni mbili vikatofautiana kabisa. Anayepanga mkusanyiko wake kwa majina ya viwanda peke yake huishia na droo nzuri kwa macho, lakini isiyomwambia kitu. Panga kwanza kwa umbo, halafu kwa alama ya umiliki, halafu kwa mwaka. Jina la kiwanda lije mwisho.

Na kanuni moja ishike kuliko zote: kisu hakiwezi kuwa kizee kuliko sehemu yake changa kabisa ambayo ni ya asili. Bapa linaweza kuonekana la kale, kikuku kikawa cha kale, lakini kama magamba ya mpini, yaani vipande vinavyofunika pande zake mbili, ni ya plastiki iliyokuja baadaye na hayajabadilishwa, basi umri wa kisu ni umri wa magamba. Swali zito ni hilo neno "asili", na ndiyo maana ribiti, yaani misumari inayoshikanisha sehemu za kisu, zinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko bapa.

Anza na rula, na kama unayo kalipa ni bora zaidi. Funga kisu. Pima urefu wa mpini kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine, bila kikuku. Kikuku kinacheza, tena mara nyingi kimepindwa au kubadilishwa, kwa hiyo ukikihesabu vipimo vyako havitalingana na vya mtu mwingine yeyote. Vile vikubwa vya mtindo wa 1905 vina urefu wa karibu sentimita 12 vikiwa vimefungwa. Vile vidogo vya Vita vya Pili ni karibu sentimita 9.5. Pengo hilo la zaidi ya sentimita mbili halisababishwi na uchakavu, maana mpini haunolewi. Hapo tu utakuwa umeshatenganisha makundi mawili makubwa kabla hujasoma herufi hata moja. Mwenzangu mkusanyaji wa picha za mtandaoni, usijidanganye na picha isiyo na rula pembeni: kikubwa na kidogo, vikipigwa picha kila kimoja peke yake, ni vigumu kuvitofautisha.

Kisha angalia mwisho wa mpini, upande wa kikuku. Vidogo vingi vya Vita vya Pili vina ulimi bapa wa chuma unaotokeza hapo, nao ni bisibisi. Kwenye vikubwa vya zamani usitegemee kuuona. Ukiuona ulimi huo umevunjika, utakuta kisiki chenye ukingo usio laini. Usikimbilie kusema kwamba hicho ni kisu cha toleo lisilo na bisibisi. Kikuku nacho kina la kusema. Kwenye vikubwa vya zamani mara nyingi ni cha shaba nyekundu, baadaye chuma kikawa cha kawaida. Lakini kikuku ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha kwa koleo na waya, kwa hiyo kikubalie tu kinapokubaliana na mengine.

Umbo la bapa hupewa uzito usio wake. Kuna ncha ya mkuki, ambapo makali na mgongo vinakutana katikati kama jani, na kuna mguu wa kondoo, ambapo makali ni mstari ulionyooka na mgongo unajikunja kuyafuata mwishoni. Baharini mguu wa kondoo una sababu yake: chombo kikiyumba, ncha isiyochongoka haimchomi mwenye kisu wala haitoboi tanga, na makali yaliyonyooka yanakaa sawasawa juu ya kamba iliyolazwa kwenye ubao, ukigonga mgongo kwa kipande cha mti inakatika mara moja. Mguu wa kondoo ndio wa kawaida kwenye vidogo vya Vita vya Pili. Ila ncha iliyovunjika ya mkuki, fundi akiinoa upya, inageuka kitu kinachofanana sana na mguu wa kondoo. Utaigundua hivi: fungua bapa na upime upana wake mahali pawili, pale shingoni karibu na ribiti ambapo jiwe la kunolea halifiki, na katikati ya makali. Tofauti ikiwa milimita tatu au nne, bapa limekula jiwe kwa miaka mingi na umbo la ncha si la kuaminika. Angalia pia ule mfuo wa kuingizia ukucha. Kiwandani uliwekwa karibu na mgongo na kwa umbali wa kutosha kutoka kwenye ncha. Ukikuta mfuo unakaribia kabisa ncha, bapa limefupishwa.

Sasa chapa, ambazo ndizo zenye habari nyingi zaidi. Nyingi ziko kwenye shingo ya bapa, na shingo ndiyo inayoshika uchafu na kutu. Kuzisoma bila kuziharibu kuna namna yake. Fungua bapa kwa kidole. Likigoma usishike koleo, utaacha meno ya koleo juu ya chapa au utavunja springi. Dondoshea matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye ribiti, weka kisu kimesimama kichwa chini usiku mzima, asubuhi kijaribu tena taratibu. Uchafu mkavu uchokonoe kwa kijiti cha meno au kipande cha mti laini. Kutu iliyojikusanya ikwangue kwa ukingo wa shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha bapa. Futa kwa kitambaa, zima taa ya juu, kisha mulika tochi ikiwa imelazwa karibu sawa na bapa, mwanga upite juu ya chapa kwa kukingama. Herufi ambazo hukuziona mchana zitasimama zenyewe. Chapa hafifu ipakwe vumbi la chaki na kufutwa kwa kidole: chaki inabaki kwenye mifuo. Msasa marufuku. Siki nayo marufuku, ingawa ushauri wa kuloweka kwenye siki umeenea: inaondoa kutu kweli, lakini inakula na kingo za herufi na kuacha chuma cha kijivu kilichokufa. Kisu cha jeshi chenye madoa meusi na chapa inayosomeka kinathaminiwa kuliko kilichong'arishwa na chapa ikafutika.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni mshale wa mistari mitatu unaoelekea juu. Huo ni mshale wa serikali ya Uingereza, maana yake "mali ya serikali". Mshale peke yake, bila herufi iliyoufunga, ni wa Uingereza yenyewe. Ukiwa na WD ni wa wizara ya vita. Herufi AM pamoja na taji ni za wizara ya anga. Mshale ulio ndani ya herufi C ni wa Kanada, na hapa kuna kosa linalorudiwa kila mara: watu huona C wakasema ni C ya Camillus, kampuni ya Marekani. Camillus huandika jina lake kamili. Mshale ulio ndani ya U ni wa Afrika Kusini ya enzi ilipoitwa Muungano wa Afrika Kusini. Mshale kati ya N na Z ni wa Nyuzilandi, mshale wenye I ni wa India, na mshale kati ya D mbili, kama wako, ni wa idara ya ulinzi ya Australia. Ukikuta mishale miwili inayoelekezana ncha kwa ncha, serikali ilikiondoa kisu hicho katika mali zake na kukiuza. Hilo si kasoro. Ni karatasi ya talaka iliyoandikwa kwenye chuma.

Kisu kisicho na mshale kabisa si lazima kiwe bandia. Viwanda vilevile vya Sheffield viliuza visu vya umbo lilelile kwa mabaharia wa meli za biashara na kwa raia, bila mshale. Ila usikiite cha jeshi.

Mwaka ukiwepo, hasa kwenye vya Vita vya Pili, huwa na tarakimu nne au mbili chini ya jina la kiwanda. Huo unaweza kuuamini zaidi ya kitu kingine chochote, mradi chapa iwe ya kweli. Usipokuwepo, lugha ya chapa inasaidia. Neno ENGLAND lilienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kutaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo kisu chenye neno hilo kwa kawaida hakitangulii miaka hiyo. Maneno ya kujisifu kwamba kiwanda ni watengenezaji visu wa "His Majesty" (Mfalme) yanaelekea kipindi cha wafalme, 1901 hadi 1952, na "Her Majesty" (Malkia) yanaelekea kabla au baada yake. Lakini viwanda havikutupa mihuri mizuri siku mfalme alipofariki, kwa hiyo hesabu miaka kadhaa ya kulegea. Majina ya Rodgers na Wostenholm yakiwa pamoja kwenye chapa moja, hapo hakuna mjadala: kampuni hizo ziliungana 1971. Rodgers peke yake alitumia nyota na msalaba wa Malta, na Wostenholm alitumia I*XL. Nyota ile ndogo katikati ya I na X huwa ya kwanza kufutika, kwa hiyo kisu kilichoandikwa "IXL" bila nyota usikihukumu kabla ya kukimulika vizuri.

Tarakimu za 7340-99 za kisu chako cha tatu ni namba ya ghala ya NATO, na NATO iliundwa 1949. Namba kamili ina tarakimu kumi na tatu. Nne za mwanzo ni kundi la bidhaa, na 7340 ni vyombo vya kukatia na kulia. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 99 ni Uingereza, 21 ni Kanada, 66 ni Australia, 12 ni Ujerumani, 00 na 01 ni Marekani. Saba za mwisho zinatambulisha kifaa chenyewe. Hakuna tarakimu ya mwaka ndani yake, ingawa wauzaji hupenda kuokota mbili za mwisho na kuzifanya mwaka. Mwaka ukiwepo umechapwa peke yake, mara nyingi karibu na mshale. Kisu chenye mwiba na kisicho na mwiba ni vifaa viwili ghalani, kwa hiyo zilinganishe tarakimu saba za mwisho: kisu chenye mwiba na kisicho na mwiba vikiwa na namba moja, kimojawapo kimeguswa. Ukikutana na 5110 mahali pa 7340 usishangae. Hilo ni kundi la zana za mkono zenye makali, na visu vya mfukoni vya jeshi la Marekani vimo humo.

Tuje kwenye mpini, ambako ndiko cha babu na cha pili vinakofanana kwa macho na kutofautiana kwa kweli. Mirabaraba ile haikuwa pambo, iliwekwa ili mkono wenye maji au mafuta usiteleze, na ndiyo maana ilidumu wakati magamba yenyewe yakibadilika kutoka pembe ya mnyama kwenda plastiki. Pembe ina nyuzi. Mulika tochi pembeni na tumia lensi ya kukuzia: utaona tabaka nyembamba kama za ukucha, rangi si nyeusi moja bali kuna mahali pa kahawia, na kingoni pembe huinuka au kupasuka kwa kufuata nyuzi hizo. Wadudu huila pia, wakiacha vishimo vya mviringo visivyo na mpangilio. Plastiki ina weusi mmoja tu, na mirabaraba yake iliyotoka kwenye kalibu ina kina kilekile kila mahali, ilhali ya pembe ilichanjwa na mistari yake huwa na hitilafu ndogondogo karibu na ribiti.

Plastiki nazo ni zaidi ya moja. Plastiki ya asetati, iliyotumika sana kwenye visu vya Uingereza vya Vita vya Pili, ikizeeka hunuka siki na kujikunja. Seluloidi hunuka kafuri na ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma: kutu ikiwa nzito upande mmoja tu wa kisu, mahali palipogusana na gamba, mshuku huyo. Bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland 1907, ni ngumu, hupasuka kama kigae, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto hunuka dawa ya hospitali. Mpira mgumu uliokaa juani hugeuka kahawia ya kijani na kunuka kiberiti.

Utasikia kuhusu jaribio la sindano ya moto: ichomeke mahali pasipoonekana, ikinuka nywele zilizoungua ni pembe. Ni kweli kwa pembe, lakini seluloidi inashika moto ghafla na kuwaka kwa kasi. Usilifanye. Kunusa, tochi na lensi vinatosha. Asetoni, tina ya rangi na kiondoa rangi ya kucha visiguse mpini, kwa sababu asetati na seluloidi vinayeyuka humo; ukifuta mara moja tu, mirabaraba inalainika na kupoteza ncha zake. Pembe nayo usiiloweke kwenye maji ya moto. Gamba likiwa limeinuka, mara nyingi si kosa la gamba: bamba la chuma lililo chini yake limeshika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inalisukuma nje. Kulibana kwa jiriwa kutalivunja. Tia mafuta, zuia unyevu, uliache.

Magamba yakibadilishwa, ribiti ndizo zinazosema. Za kiwandani zilisawazishwa na gamba, vichwa vyake ni vidogo na vinalingana pande zote mbili. Vichwa vyenye alama za nyundo, au shaba mpya kwenye mpini uliochakaa, au kijimwanya kati ya gamba na kichwa cha chuma cha mpini, vinaonyesha mkono wa fundi. Tena angalia kama mirabaraba ya kushoto imechakaa sawa na ya kulia. Mkono mmoja hauchakazi upande mmoja sana na kuuacha mwingine ukiwa mpya.

Mwiba nao. Kazi yake ni kufumbua misokoto ya kamba ili ncha nyingine ipitishwe katikati wakati wa kuunga, na kufungua fundo lililokazwa na maji ya chumvi. Hulala mgongoni mwa mpini, upande ulio kinyume na makali. Vita vya Pili vilikuwa na visu vyenye mwiba na visivyo nao kwa saizi ileile, na kwa kuwa wakusanyaji hupenda vyenye mwiba, kuna waliouongeza. Na kuna askari walioung'oa kwa kuwa uliwachoma pajani. Kisu kilichozaliwa na mwiba kina mkwaruzo mrefu unaong'aa mgongoni, pale unapolala na kuinuka. Mkwaruzo huo haupatikani kwa wiki moja. Mwiba ukinyooshwa unapaswa kusimama bila kucheza kushoto na kulia zaidi ya bapa linavyocheza. Ukicheza sana huku bapa likiwa imara, au ribiti yake ikiwa ya chuma kingine, umetoka kwenye kisu kingine. Pale ulipong'olewa utaona tundu tupu au lililozibwa, na nafasi mgongoni isiyo na kazi. Ncha ya mwiba wa kweli huwa imepigwa butu kidogo ili isikate nyuzi za kamba. Ncha kali kama sindano imetiwa tupa baadaye, na mwiba huwa mfupi kwa milimita chache kuliko wenzake.

Jambo moja la kutenganisha haraka: kama mwiba unajifunga kwa loki ukinyooshwa, na inabidi ubonyeze kikuku ndipo urudi, hicho si kisu cha jeshi la Uingereza cha vita vyovyote viwili. Hiyo ni familia nyingine, ya visu vya mabaharia wa mashua za tanga iliyoenezwa na viwanda vya Marekani na vya kwingine. Camillus ya New York, iliyofungwa 2007, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana wa visu vya mwiba. Viweke droo tofauti.

Kuhusu bandia: mshale na mwaka wa vita ni rahisi kuongeza, na kuna visu vipya vinavyouzwa navyo. Chapa ya kweli ilipigwa kwa muhuri bapa likiwa bado laini, kabla ya kuchomwa na kuchovywa liwe gumu. Muhuri husukuma chuma pembeni, kwa hiyo chini ya lensi sakafu ya herufi ni laini na kina chake kinaweza kupungua upande mmoja, pale muhuri ulipoinama. Herufi za leza zina sakafu ya madoadoa na kingo zilizoungua, na herufi zote zina kina kimoja. Herufi za asidi ni butu na hazina kina. Dalili ya haraka zaidi: kutu ya bapa ipite ndani ya herufi. Bapa lenye mashimo ya kutu na chapa safi isiyo na shimo hata moja limechapwa juzi.

Turudi kwenye visu vyako. Cha tatu: chuma kitupu kinachong'aa ni stenlesi, na Harry Brearley aliitengeneza Sheffield mwaka 1913, ila kwenye visu hivi vya jeshi ilienea baada ya Vita vya Pili. Ukijumlisha na namba ya NATO, ni toleo la baada ya vita. Tafuta mwaka karibu na mshale. Kimulike kwa tochi pande zote mbili, maana kwenye stenlesi iliyosuguliwa mfukoni kwa miaka mingi mwaka hubaki kama kivuli tu.

Cha pili, chenye D mbili, kipime. Kikiwa karibu sentimita 9.5, na magamba ni plastiki, tafuta jina la kiwanda pamoja na mji. Vya Australia mara nyingi huandikwa mji na mwaka. Whittingslow wa Adelaide ni mojawapo ya majina utakayokutana nayo. Sheffield pamoja na D mbili si kosa kwa lazima, lakini hapo kagua zaidi kama shingo ya bapa na mpini vilizaliwa pamoja.

Cha babu kipime kwanza. Kikifika sentimita 12, magamba yakiwa ya pembe na kikuku cha shaba nyekundu, umbo la 1905 limethibitika. Halafu soma mshale. Kwa askari wa KAR tarajia mshale mtupu, kwa kuwa KAR ilivishwa na Uingereza. U yenye mshale isikutie shaka: wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana bega kwa bega na askari wa Afrika Mashariki dhidi ya Waitalia kule Somalia na Abisinia (Ethiopia) 1941, na vifaa vilibadilishana mikono. Na kisu cha umbo la Vita vya Kwanza mikononi mwa askari aliyekuwa Burma 1944 hakipingani na historia yake. Ghala za jeshi hazikutupa kisu kizima kwa sababu ya umri, na pengine naye alikirithi kwa mtu.

Kitu cha kutafuta kwenye kisu hicho kabla ya kukifuta ni namba ya askari. Wengi walikwaruza namba zao kwa msumari juu ya kichwa cha chuma cha mpini au ubavuni mwa kifungulia makopo. Mikwaruzo hiyo ni myembamba kuliko chapa yoyote, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia kinaifuta kwa dakika moja. Mulika, piga picha kwa rula pembeni, linganisha na vyeti vya babu au medali zake, ambazo zikiwa na jina huwa limeandikwa ukingoni. Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye tone moja la mafuta, kisha kihifadhi bapa likiwa limefungwa, nje ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu na chumvi na kuvirudisha kwenye chuma.